Umri wa Gitaa la Mbaabu

Kibugu, Embu
4 Mei 1996

Kwa Mwalimu Kathure, binti wa marehemu Mbaabu,

Pole kwa kumpoteza baba yako. Nilisikia tangazo redioni nikiwa kwenye kituo cha kupimia majani chai, na nilisimama na kikapu changu mgongoni mpaka watu wakanipita kwenye foleni.

Mimi ni Njeru. Huenda baba yako hakuwahi kunitaja. Tulipiga muziki pamoja, magitaa mawili mbele na wenzetu nyuma, toka mwaka wa sitini na saba mpaka sabini na tatu. Embu, Chuka, Meru, Isiolo, popote palipokuwa na ukumbi na umeme.

Sikuja mazishini. Sababu ninayo, na ndiyo inayonifanya niandike. Mfanyabiashara mmoja wa miraa aliyekuwepo aliniambia gitaa la baba yako liliwekwa kando ya jeneza. La umeme, jekundu. Akaniambia pia kitu kimoja kuhusu kichwa cha gitaa hilo, ambacho sitakitaja hapa.

Mwalimu, mimi niliibiwa gitaa mwaka wa sabini na tatu, na sikulipata tena. Nakuuliza kwa heshima tu: hilo mlilo nalo lilitengenezwa mwaka gani?

Sina haraka. Nimengoja sana.

Ni mimi,
Njeru


Mikinduri, Meru
20 Mei 1996

Mzee Njeru,

Asante kwa pole zako, ingawa sijui nizipokee vipi. Barua yako imeanza na msiba ikamalizia na wizi, na udongo wa kaburi bado mbichi.

Baba alikutaja. Alisema kulikuwa na Njeru wa Embu aliyepiga gitaa kumshinda yeye, kisha mkaachana. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mambo ya ujana tu," akaenda kuwapa ng'ombe majani.

Gitaa alilinunua dukani Nairobi mwaka wa 1972, likiwa jipya. Mama yangu, Cicily, ni shahidi. Lilifika nyumbani likiwa ndani ya boksi lake. Nami nilisimama kanisani mbele ya umati nikasema baba yangu hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Sikusema hivyo kwa kuwa ndivyo husemwa penye jeneza.

Ukitaka nitafute umri wake, niandikie lako lilikuwa na alama gani, nitatazama.

Mwalimu Kathure


Kibugu
3 Juni 1996

Mwalimu,

Unaniuliza alama. Nikikwambia alama leo, kesho unaweza kuitoa kwa msasa, halafu uniandikie kuwa umetafuta na hakuna kitu. Sisemi una tabia hiyo. Sikujui, na hiyo ndiyo shida.

Nitakueleza yale ambayo hayafutiki. Gitaa langu nililinunua mwaka wa sitini na saba, na halikuwa jipya. Aliniuzia mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Lilikuwa na rangi ya asali katikati, pembeni jeusi. La baba yako lilikuwa jekundu, lakini kampuni ni moja na umbo ni lile lile. Watu walituita mapacha. Na rangi, Mwalimu, hupakwa juu ya rangi.

Mwaka wa sabini na tatu ulikuwa mbaya kwetu. Tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza, Tabby. Surua ilimchukua mimi nikiwa Isiolo kwenye dansi. Baadaye kidogo nilishuka Embu mjini, na niliporudi gitaa halikuwa ukutani. Mlango haukuvunjwa. Mke wangu, Igoki, alisema alikuwa shambani.

Kisha wapenzi wa muziki wakaanza kuniambia gitaa la Mbaabu limebadilika, shingo yake si ile. Nikapanda basi mpaka Mikinduri. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akasema, "Njeru, sikukuibia." Nikasema, "Basi nionyeshe." Akakataa. Alisimama mlangoni kwake akiuziba wote kwa mabega. Mtu asiye na hatia anaficha nini?

Huo ukawa mwisho wa bendi, na mwisho wetu.

Tafuta umri. Kama gitaa hilo ni la sabini na mbili kweli, nitaomba msamaha kwa maandishi.

Njeru


Mikinduri
29 Juni 1996

Mzee Njeru,

Tayarisha karatasi ya msamaha.

Nimelipeleka Makutano kwa Kithinji, anayetengeneza redio na amplifaya. Alilishika akaligeuza, akasema, "Mwalimu, liache, uje Jumatatu." Nikamwambia sitaliacha. Akasema, "Huniamini?" Nikavuta kiti nikaketi. Siku hizi simwamini mtu na gitaa hili, na uliyenifundisha hivyo ni wewe.

Alifungua skrubu za kile kibati cha mbele. Chini ya vifundo vya sauti kuna vidude vya chuma vya mviringo, na kila kimoja kina namba ya kiwandani iliyogongwa mgongoni. Kithinji alipangusa vumbi kwa kidole akanionyesha tarakimu nne za mwisho. "Mbili za kwanza ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki," akasema. Zilikuwa 7148. Mwisho wa mwaka wa sabini na moja. Vidude vyote vina namba hiyo hiyo, na risasi iliyounganisha nyaya haijawahi kuguswa.

Nikamwambia atazame na rangi. Alikwangua kidogo sana mahali panapofunikwa na kibati. Chini ya nyekundu kuna mbao. Hakuna asali.

Lako ulilinunua 1967, tena kuukuu. Hili halikuwa limezaliwa.

Naingoja barua yako.

Mwalimu Kathure


Kibugu
14 Julai 1996

Mwalimu,

Msamaha sijaandika.

Vidude hivyo huchakaa, sauti ikaanza kukwaruza, vikabadilishwa kama tairi ya baiskeli. Risasi haikuguswa, asema nani? Kithinji ambaye simjui, kwa kinywa chako wewe. Rangi nayo, sikuwepo ilipokwanguliwa. Pengine anakuambia unachotaka kusikia, pengine wewe unaniandikia unachotaka nisome.

Kuna mahali hamkufungua. Shingo ya gitaa lile imeshikwa na skrubu nne kwa nyuma. Ukizitoa, shingo inang'oka, na pale kwenye kisigino chake, mahali ambapo mchezaji haoni, watu wa kiwandani waliandika kitu kwa penseli. Langu nililifungua mara moja. Najua kilichoandikwa.

Fungua, Mwalimu. Lakini sitakwambia utakuta nini.

Njeru


Mikinduri
28 Julai 1996

Mzee Njeru,

Nimefungua. Kuna maandishi. Nami sitakuambia yanasemaje, kwa sababu utajibu kwamba ndiyo hayo hayo uliyokuwa nayo kichwani.

Tufanye hivi. Jumatatu tarehe 12 Agosti, wewe uende posta ya Embu na mimi niende ya hapa. Kila mtu aandike anachojua na atume siku hiyo hiyo. Barua zipishane njiani. Mhuri wa posta utasema nani alingoja kusoma ya mwenzake.

Mwalimu Kathure


Embu
12 Agosti 1996

Mwalimu,

Naandikia hapa hapa kwenye kaunta ya posta.

Kwenye kisigino cha shingo kumeandikwa kwa penseli 3-64. Ni mwezi wa tatu, mwaka wa sitini na nne. Pia nilibandika hapo kipande cha boksi la kiberiti ili nyuzi zikae chini kidogo.

Kichwani, karibu na vile vigingi vya kukazia nyuzi, kuna alama nyeusi ya moto. Nilikuwa nikichomeka sigara hapo kwenye nyuzi nikiwa napiga, na mara moja wimbo ulikuwa mtamu nikaisahau.

Hayo ndiyo yote ninayojua.

Njeru


Mikinduri
12 Agosti 1996

Mzee Njeru,

Kumeandikwa 3-64. Kuna kipande cha karatasi ngumu kimegandia hapo, naona nusu ya picha ya boksi la kiberiti.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelijua tangu barua yako ya kwanza. Kichwani kuna alama ya moto. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Baba imetoka wapi, akasema gitaa liliungua kidogo. Baba hakuwahi kuvuta sigara. Uliposema mtu wa miraa alikuambia kitu kuhusu kichwa, nilijua ni nini, nikanyamaza.

Sijui niandike nini zaidi.

Kathure


Kibugu
24 Agosti 1996

Mwalimu,

Barua zetu zimepishana zikiwa na neno moja. Wewe si mwongo. Nashukuru.

Lakini baba yako alikuwa mwizi. Nilikaa na jambo hili nusu ya maisha yangu, watu wakiniambia nina kinyongo, mhubiri akiniambia nisamehe, Igoki akiniambia niache. Toka siku ile mlangoni pake sijashika gitaa la mtu yeyote. Nilikata nyuzi zote nilizokuwa nazo nikafungia maboga.

Nitakuja kulichukua. Nitakuja na askari ili mambo yawe wazi na mtu asiseme nimekuja kuwanyang'anya wafiwa.

Njeru


Mikinduri
2 Septemba 1996

Mzee Njeru,

Usije na askari bado. Nakuomba.

Nimerudi kulitazama vizuri. Pale shingo inapokaa, ndani ya shimo la mwili, kuna mhuri wa wino ambao sikuuona mara ya kwanza. Unasema 71, sawa na vile vidude vya sauti. Tena matundu ya skrubu kwenye shingo yalizibwa kwa vijiti yakatobolewa upya, kwa sababu hayakulingana. Gitaa hili si la mwaka mmoja. Shingo ni ya sitini na nne, ni yako, sibishi. Mwili ni wa sabini na moja, ni wa Baba, uliotoka dukani kama alivyosema. Ni magitaa mawili.

Sasa niambie, mwizi gani huiba gitaa zima akatumia shingo peke yake? Mwili wako uko wapi? Hapa kwetu haujawahi kuwepo.

Nimemuuliza Mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka nikauliza tena, ndipo akasema, "Baba yako aliniomba nisiseme." Nikamwambia, "Baba anaitwa mwizi." Akasema, "Aliitwa akiwa hai, na alinyamaza." Kisha akabeba ungo akaingia ndani.

Kwa hiyo mimi nawe tuko sawa. Nami namshuku Baba sasa, ila sijui namshuku kwa nini. Nipe muda.

Kathure


Mikinduri
16 Septemba 1996

Mama Igoki,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Kathure, binti wa Mbaabu. Nimeandika jina lako juu ya bahasha kwa sababu haya si ya Mzee kuyasoma kwanza.

Mama Cicily amenieleza. Anasema ulifika hapa peke yako, umekumbatia kitu ndani ya leso kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na yeye aliinuka akanyoosha mikono ampokee. Ukafungua leso, ikawa ni shingo ya gitaa. Anasema hajapata kusahau jinsi mikono yake ilivyobaki hewani.

Baba alikuuliza, "Mwili wake uko wapi?" Ukamjibu, "Umekuwa kuni za chai."

Ulimwomba aitupe mbali, Mzee asiione. Baba alisema mti kama ule hautupwi. Shingo ya gitaa lake ilikuwa imepinda kwa jua, akaifunga hiyo mahali pake. Akakuahidi kwamba hatasema, na hakusema, hata Mzee aliposimama mlangoni akimwita mwizi mbele ya majirani. Simfanyi malaika. Alijua shingo ni ya rafiki yake na aliipiga miaka yote hiyo. Lakini hakuiba.

Mzee anasema atakuja na askari. Sijamwandikia neno. Ni habari yako, Mama, si yangu. Mwambie wewe, au niambie nimwambie.

Kwa heshima,
Kathure


Kibugu
27 Septemba 1996

Mwalimu,

Leo imeletwa barua yenye mwandiko wako, na jina juu yake si langu. Igoki ameisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo, akaenda kuchuma majani. Nimemuuliza ni ya nini. Amesema, "Ya wanawake."

Mke wangu alijuana na watu wa Mbaabu lini? Mwanzoni nilidhani nimeibiwa gitaa. Sasa sijui niliibiwa nini. Kama baba yako alikuwa na la kuficha ambalo ni kubwa kuliko gitaa, liseme kwangu, usipite mlango wa nyuma.

Usimwandikie tena.

Njeru


Kibugu
20 Oktoba 1996

Mwanangu Kathure,

Nimechelewa. Mara kadhaa nimeanza barua hii, nikaiacha.

Igoki alinyamaza mpaka Jumapili moja baada ya ibada. Tulipofika nyumbani alikataa kuingia. Aliketi nje kwenye gogo la kupasulia kuni, na nguo zake za kanisa, akasema, "Gitaa lako nililipasua mimi."

Nikamwambia, "Unamfichia nani? Mbaabu amekufa."

"Simfichii mtu. Nilishika shoka hili hili. Shingo ilikataa, nikampelekea yeye."

Nilidhani nitapiga kelele. Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Ulirudi kutoka Isiolo Tabby ameshazikwa. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali nikarudi naye vile vile. Hukuniuliza lolote. Ulilitoa gitaa ukutani ukaketi ukaanza kufunga nyuzi mpya."

Nikamwambia, "Igoki, nilikuwa nalia. Sikujua njia nyingine ya kulia."

Akanitazama. "Mimi niliona mtu anayejitayarisha kwenda dansi," akasema.

Tulikaa hapo mpaka majirani waliokuwa wakitoka kanisani wakapita wote. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Nilimuuliza jambo moja, kama kulikuwa na kitu kati yake na Mbaabu. Aliniangalia mpaka nikavua kofia yangu, sijui kwa nini nilivua, na sijauliza tena. Usiku alinipa chakula. Tangu hapo tunazungumza kidogo kidogo, mambo ya ng'ombe na mambo ya majani, na siku moja moja anamtaja Tabby, jambo ambalo hatujawahi kufanya ndani ya nyumba hii. Sikujua kwamba mtoto alikuwa ameshaanza kuimba. Igoki anasema alikuwa anaimba nyimbo zetu za bendi na maneno yote yasiyo sahihi.

Nilikuahidi maandishi. Haya hapa. Mbaabu wa Mikinduri hakuniibia. Nilimwita mwizi Embu na Meru, kwenye baa na kanisani, na nilikosea. Msomee mama yako. Ukitaka wasomee na majirani, wale waliosikia siku ile na wangali hai.

Shingo usiing'oe. Imekaa kwenye mwili ule muda mrefu kuliko ilivyokaa kwenye wangu. Ifunge hapo hapo. Na kile kipande cha kiberiti ukiache, bila hicho nyuzi zitakuwa juu sana.

Ninataka kuja, bila askari. Nataka kuonyeshwa kaburi. Igoki naye amesema atakuja, ana neno na mama yako, na hataki niwepo akilisema. Tuandikie kama mtatupokea.

Kuna jambo moja zaidi, na nikimaliza nitaenda kuitia barua hii posta kabla sijabadili nia. Miaka michache iliyopita nilikutana na baba yako Runyenjes, kwenye mazishi ya mpiga ngoma wetu. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Alivuka ua mzima kuja nilipokuwa, akanyoosha mkono. Mimi niliutia wangu mfukoni. Watu wakatazama. Alibaki hivyo kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Igoki hajambo?"

Nilidhani ananidhihaki. Nilimpa mgongo nikaenda zangu, na nilipofika nyumbani nilimgombeza Igoki siku nzima bila kumwambia kosa lake.

Hakuwa akidhihaki, Kathure. Alikuwa akiuliza tu kama hajambo.

Baba yako mwingine, ukikubali,
Njeru